Mchoraji wa Tanuri

Ndugu waombolezaji, marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1937, mtoto wa pili wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi jirani na kwetu, kisha sekondari ya bweni, kisha akaenda ng'ambo kusomea usanifu majengo, na aliporudi mwaka 1965 akaona kila kitu chetu kibaya, kuanzia vibaraza hadi paa alilozaliwa chini yake, wala hakuona haya kumwambia hivyo mama yetu mbele ya wageni.

Mwaka uliofuata aliajiriwa na chuo kikuu, akachora yale mabweni ya zege, ghorofa sita juu ya nguzo, vyumba vyembamba kama sanduku, kila kimoja na kioo kizima kinachotazama jua la alasiri, wageni wakayapiga picha, wanafunzi wakayaita Tanuri, naye akasema hampigii mbuzi gitaa.

Alifunga ndoa tarehe 12 Juni 1971 na muuguzi, aliyekataa katakata kuishi katika nyumba yoyote iliyochorwa na mumewe, wakapanga nyumba ya zamani yenye kibaraza, wakajaliwa binti mmoja.

Mwaka 1993 binti huyo alipangiwa chumba Tanuri, akaja kumwambia, "Baba, tunaiva mle, dirisha halifunguki," naye akajibu bila kuinua macho gazetini, "Halikuwekwa lifunguliwe, liliwekwa litazamwe," binti akauliza, "Litazamwe na nani, na wewe hulali kule?", akarudi chuoni, akaongoza wenzake hadi uongozi ukaridhia kukata vioo, na siku ya kazi marehemu akasimama chini akimwamuru fundi ashuke, fundi akamjibu, "Mzee, shika ngazi au nipishe," wanafunzi wakaangua kicheko, na tangu hapo hakumsemesha mwanawe, hata kwenye harusi yake, alikokaa akikosoa ukumbi.

Februari 2012, mkewe akiwa ameshatangulia, alipatwa na kiharusi, binti akamchukua kwake, akamlisha, akamgeuza, akamwosha, naye kwa ulimi uliobaki nusu akalaumu dari, akalaumu mapazia, ahsante ikamshinda, hadi alipofariki tarehe 3 Novemba.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliovumilia maneno yake, wasanifu wenzake walioleta shada kubwa, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumpeleka mwanawe kulala Tanuri, na zaidi ya wote binti yetu, aliyetuagiza tusiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kaka, pumzika, na amani uliyowanyima wengine, wewe usinyimwe.