Wodi Itakayoongezwa Baadaye

Jumanne, tarehe nne Machi, saa tisa alasiri, Ndila mke wa Mutie alikata roho kwenye benchi la nje ya zahanati, kwa kuwa chumba cha kujifungulia kilikuwa kimoja na ndani mlikuwa na mama mwingine. Mwaka umepita. Sasa kanisa linataka kujenga hospitali ndogo, ya kuongezwa kidogo kidogo, na mzee Mutie, aliye kwenye kamati, amekuja kijiweni hapa Kambu na ramani. Jioni hii atatia sahihi au atakataa. Kahawa ikamiminwa, ramani ikatandazwa, na Kyule muuza nondo, aitwaye Injinia, hakungoja kuulizwa.

— Hii ni poa, mzee. Unaacha nondo juu ya paa, pesa ikipatikana unapanda.

— Kama nyumba yako, akasema Mwau, ambaye huuza dawa za mbuzi na huitwa Daktari. Nondo zimesimama miaka kumi na mbili. Bibi yako anaanikia nguo.

— Haraka haraka haina baraka.

— Basi mgonjwa naye asiharakishe kuugua.

— Mgonjwa apewe siku mbili. Si wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe? Nafasi inapatikana bila kujenga.

— Afadhali magurudumu, Injinia. Wodi ivutwe na trekta. Ikijaa hapa, inapelekwa Mbumbuni.

— Na ikikwama kwa mchanga?

— Hapo ndipo inaitwa tawi.

Mutie alitabasamu kwa adabu tu.

Nzisa, mkunga aliyehamishiwa Kambu wiki hiyo, alikuwa akingoja kikombe chake. Akainamia ramani.

— Wazee, huku kwenye uwanja ulio wazi mtaongeza nini?

— Ofisi ya kamati, akasema Kyule. Lazima ione barabara.

— Na chumba cha kujifungulia?

— Kiko katikati. Mahali pa heshima.

Nzisa akakizunguka kwa kidole: stoo, choo, korido, ofisi.

— Wakija wawili pamoja, wa pili atalala wapi?

Mwau akatazama malori ya Mombasa yakipita barabarani. Kyule akatazama kikombe chake.

Mutie akaikunja ramani polepole.

— Hii siweki sahihi. Ofisi iende katikati. Akina mama wakae upande wa uwanja.

— Mwenyekiti wa kamati atakasirika, mzee, akasema Kyule.

— Akasirike akiwa ameketi.

Kisha akavua kofia, nao wakavua zao.

— Baba wa mbinguni, mpokee Ndila, na mtoto aliyekwenda naye. Kwako wasingoje nje. Amina.