Kwale wa Pakiti Mbili

Mwenyekiti, na ninyi wanakikundi wenzangu wa Ruangwa, asanteni kwa kunipa nafasi. Nimetoka Nachingwea asubuhi nikijiambia leo silii. Nikishindwa, mnivumilie.

Mnajua nauza unga wa lishe. Nilianza miaka ya tisini na vifuko visivyo na alama, midomo yake naiunganisha kwa mshumaa. Ilipoingia elfu mbili biashara ikachangamka, nikataka nembo. Nikaenda kwa fundi wa mabango pale mjini. Yule baba akasema, "Mama, kwanza nipeleke kwa wateja wako, nione wananunuaje." Nikamwona msumbufu. Kuchora ndege tu, mpaka azungushwe vijijini?

Ndugu zangu, urahisi ulinipumbaza. Nikatangaza shindano: kila ajuaye kushika kalamu alete mchoro, mshindi nampa redio, wengine asante. Ikaja michoro ya kujaza kapu. Watu wananihangaikia bure, nami najiona mjanja! Akashinda kijana mmoja na kwale wake, kabeba suke la mtama mdomoni. Alipendeza, jamani. Sikuuliza amemtoa wapi. Nikachapisha pakiti, nikazisambaza hadi Nanganga na Mbekenyera.

Nanyi mnajua kwetu tunavyonunua. Nani anasoma jina? Dukani tunasema, "Nipe ya kwale," basi. Hilo ndilo fundi alitaka kuliona.

Baada ya mavuno akaja bibi mmoja wa Mbekenyera. Hakupiga hodi. Akaweka pakiti mbili mezani pangu.

"Mwanangu, ipi yako?"

Nikatazama. Kwale huyu, kwale yule, suke lile lile. Nawaambia kweli, mwenye mali mimi sikuijua mali yangu mpaka niliposoma. Moja ilikuwa unga. Nyingine ilikuwa dawa ya dumuzi, ile tunayochanganya na mahindi ghalani. Kijana alikuwa amenakili pakiti ya dawa iliyokuwa kwao.

"Mie kusoma sijui," bibi akasema. "Baba yake mtoto kaleta dawa, kaiweka jikoni. Mie nna mafua, harufu sikuisikia. Nimempikia mjukuu wangu uji. Tumemleta hospitali hapa. Hajafumbua macho."

Nikamfuata wodini. Mtoto mdogo, midomo imekauka. Bibi hakunitukana. Laiti angenitukana! Aliniambia tu, "Mshike mguu, una baridi." Nikaushika. Baridi ile ninayo mpaka leo, kwenye kiganja hiki. Nikikoroga uji inarudi.

Mungu si Athumani, mtoto alifumbua macho. Mimi nikapita duka kwa duka nikikusanya pakiti zangu, nikazichoma moto. Biashara ikafa, nikarudi kuuza uji wa kikombe stendi.

Ninyi ndio mlionifuata pale stendi, mkakaa nami kwenye benchi bila kuniuliza maswali. Asanteni. Namshukuru muuguzi wa wodi ile aliyekuwa akinilazimisha kula. Na namshukuru fundi yule, maana niliporudi kwake na aibu yangu hakunicheka. Alisema, "Haya, twende Mbekenyera." Tulishinda dukani tukitazama watu wananunua. Kisha akachora, na bibi yule yule ndiye aliyechagua: mtoto amelala mgongoni kwa mama, mbeleko ya kanga inaonekana. "Huyu," akasema, "hawezi kukaa kwenye sumu."

Kijana sikumlaumu, maana nilimtaka bure, naye akaniletea cha bure. Mwenye biashara, alama yako ndiyo jina lako kwa asiyejua kusoma. Usiiokote. Mlipe anayekwenda kumwona mnunuzi wako, na umuulize kila mstari ameutoa wapi.

Yule mtoto sasa yuko shule. Juzi nilimpelekea unga. Akasoma maandishi yote ya pakiti kwa sauti, bibi akampigia makofi, nami nikapiga. Kisha akaifungua, akainamisha uso, akanusa.