Siku Mashua ya Jerko Ilipokunywa Pamoja Nasi

Kijiwe chetu ni benchi la mawe lililoshikamana na ukuta wa mkahawa wa Vinka, karibu na maji kiasi kwamba ukitema kokwa ya zeituni inawaangukia samaki. Asubuhi ile ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Petro. Taa za rangi zimeshatundikwa gatini, sanamu ya mtakatifu imeshapanguswa vumbi, na jioni mashua zote za kijiji zingeifuata baharini kwa maandamano. Tulikuwa wanne. Baromita, ambaye goti lake hutabiri mvua. Admirali, aliyefanya kazi posta maisha yake yote na hajawahi kuongoza hata kihori. Mimi, waniitao Chumvi kwa sababu wanazozijua wao. Na Jerko, ambaye tunamwita Kesho, kwa kuwa miaka kumi na moja ukimwuliza mashua yake itashuka lini majini, hilo ndilo lilikuwa jibu. Safari hii ilikuwa imeshuka. Ilikuwa imefungwa pale mbele yetu, rangi mpya nyeupe na bluu, na ilikuwa inazama taratibu.

— Inazama, alisema Baromita.

— Haizami, alisema Jerko. Inakunywa. Mbao kavu lazima zinywe kwanza, ndipo zivimbe na kubana.

— Imekunywa tangu juzi. Hata wewe hujawahi kunywa hivyo.

Jerko alikuwa na hoja, nami huwa simpi hoja mtu hivihivi. Mashua ya mbao ikilala stoo miaka mingi hufunguka kila kiungio, hata uikalafati kwa pamba na lami vipi. Kwetu unaishusha, unaiacha ijae maji mpaka ikae chini kabisa, inywe ishibe, halafu ndiyo unaikausha. Ya Jerko ilikuwa imekaa chini siku mbili, nasi tukaitazama siku mbili, maana kuna kazi zinazohitaji watu wa kutazama. Alfajiri ile tuliikausha kwa ndoo, tukairudishia injini yake ya silinda moja. Kisha Jerko akaweka pampu ndogo ya umeme tumboni mwa mashua, imalizie maji yanayochuruzika. Mpira wa kutolea maji akautupia upande wa pili, kule tusikouona, na waya akaupitisha dirisha la jiko la Vinka kabla mwenyewe hajaamka. Tulipoketi, sakafu ya mashua ilikuwa kavu. Tukaagiza kahawa kwa furaha. Tulipomaliza vikombe, maji yalikuwa yanacheza juu ya sakafu.

— Mpaka kwenye injini bado kiasi gani? aliuliza Admirali.

— Bado shubiri, alisema Jerko. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Yalikuwapo mabaya kuliko injini, nayo yalikuwa roshani, juu ya vichwa vyetu. Dinka, mke wa Jerko, alikuwa amesimama pale, mikono kiunoni, na pembeni yake vyungu vya maua mekundu vimepangwa tayari. Alikuwa ametoa neno lake mbele ya kanisa zima: kengele ya adhuhuri ikilia siku ya Mtakatifu Petro na mashua haielei kwa nguvu zake yenyewe, itavutwa mpaka mbele ya mlango wake, itajazwa udongo, na itapandwa maua. Wala si tishio la kuchekesha. Mashua ya marehemu Stipan iko kwenye lango la hoteli hivi sasa, imejaa maua, na watalii wanapiga picha nayo. Stipan angeiona angekufa mara ya pili.

— Ni mwezi, alisema Baromita. Goti langu halikunipa usingizi. Mwezi ukiwa hivi unavuta maji, na maji yakivutwa yanapita popote.

— Mbona mashua nyingine hazivutwi? nikamwuliza.

— Zimezoea. Hii bado mgeni.

— Mwezi gani saa tatu asubuhi, wewe mzee?

— Mwezi hauendi kazini kwa saa, Chumvi. Upo tu.

— Pampu ni nzuri, alisema Jerko, kana kwamba anajiambia mwenyewe. Haina kelele hata kidogo.

— Kweli, haina hata kidogo, alisema Admirali. Nami nasikia vizuri sana, nyie mnajua.

— Dada Vinka, tuletee nyingine, nikasema. Hapa panahitaji akili.

Kinu cha kahawa kikanguruma jikoni. Vinka akatuletea vikombe na sahani ya tini kavu, akarudi kuosha vyombo. Kahawa ya Vinka ni nzito, ukiinywa unajiona una akili kuliko ulivyo, ndiyo maana Admirali alisimama.

— Sikilizeni. Ni pweza.

— Pweza gani tena?

— Ile pamba mliyokalafatia, Jerko, ni pamba safi au si safi?

— Safi. Niliifuata mwenyewe mjini Zadar.

— Basi. Pweza ni mnyama wa anasa. Yuko chini pale, anavuta pamba uzi mmoja mmoja, anajitandikia. Mikono anayo minane, wewe huna hata wa kumzuia.

— Na ile lami juu ya pamba je?

— Anaitema. Kwani wewe ukila samaki unameza miba?

Baromita akacheka mpaka tini ikampalia, nikampiga mgongoni. Tulipogeuka, kandambili za Jerko alizoziacha ndani ya mashua zilikuwa zinaelea, moja inaelekea tezi, nyingine inaelekea omo.

Jerko akainuka, akaketi, akainuka tena. Sote tukaanza kusema kwa pamoja. Mimi nilisema ni rangi, Baromita akasema rangi haina kosa, kosa ni la siku ya kuipaka, Admirali akataka apatikane mtu mwembamba azamie amkamate pweza, na kwa kuwa mimi ndiye mwembamba nikamwambia azamie na stempu zake za posta. Ubishi ulikuwa mtamu kiasi kwamba tulisahau kuagiza. Vikombe vikakauka mkononi. Kisha Jerko akanyoosha kidole, mdomo wazi.

— Yameshuka.

Kweli. Sakafu ilikuwa inaonekana tena, na kandambili zimelala juu yake zimetulia.

— Nilisema mimi, alisema Baromita. Mwezi umeachia.

— Pweza amesikia ameshatajwa, alisema Admirali. Amekimbia.

Jerko alikuwa na machozi, mtu mzima yule, na anacheka. Akambusu Baromita shavu moja, mimi mawili. Akapunga mkono kuelekea roshani. Dinka hakupunga.

— Dada Vinka, aliita Jerko. Kahawa benchi zima. Leo ni yangu. Na wewe jisagie yako.

Kinu kikanguruma kwa muda mrefu kuliko mara zote, kwa kuwa vikombe vilikuwa vitano. Tukanywa kwa afya ya mashua. Tukanywa kwa afya ya Mtakatifu Petro, ambaye naye alikuwa mtu wa mashua na anaelewa. Admirali alikuwa anaeleza jinsi atakavyosimama kwenye omo jioni, kofia mkononi, Baromita alipomgusa begani.

Maji yalikuwa yamefika chini ya injini, yanailamba.

Sasa nisiwafiche, pale tulipoteza akili zote. Baromita alisema lazima mwenye hoteli anataka mashua ya pili langoni, anatuma mpiga mbizi kila baada ya muda, mwenye keekee ya kutobolea na kizibo cha kuzibia. Admirali alisema mpiga mbizi na pweza wanafanya kazi pamoja. Mimi nilikuwa nimejizuia muda wote, lakini kahawa ya tatu ilikuwa imenipanda.

— Hakuna anayeitoboa, nikasema. Mashua hii ni mlevi.

— Chumvi umeanza.

— Nieleweni. Miaka kumi na moja imelala wapi?

— Stoo, alisema Jerko.

— Stoo, pamoja na nani?

— Na mapipa ya divai.

— Miaka kumi na moja inavuta harufu ya divai usiku na mchana. Mbao zimezoea. Sasa mnaishusha mnaipa maji ya chumvi. Itashiba lini? Inatafuta kitu ilichokizoea, haikioni, inaendelea kunywa.

— Tumwagie divai, alisema Baromita, na hakuwa anatania.

— Nyekundu au nyeupe? aliuliza Admirali.

— Nyekundu. Nyeupe ni ya kunywea samaki, na hii ni mashua.

Nawaapia, Baromita alikuwa ameshainuka kwenda kuchota divai. Aliyemzuia ni Jerko, na hakumzuia kwa mkono. Alisema tu, akiangalia chini.

— Niliifunika siku Roko alipoondoka kwenda Ireland. Nilimwambia naifunika kidogo tu, mpaka arudi likizo. Alirudi likizo, nikamwambia kesho. Ameshaoa huko. Acheni. Mwiteni Dinka aje na udongo wake.

Roko ni mwanawe wa pekee. Admirali alivua kofia, akaivaa tena.

Hatukuhitaji kumwita. Dinka alikuwa ameshashuka, amevaa gauni lake la sikukuu na sepetu ndogo ya bustani mkononi. Saa ya kanisa ilikuwa inakaribia adhuhuri. Alitupita, akasimama ukingoni, akaitazama mashua, kisha akatugeukia sisi.

— Shemeji, mpe muda kidogo, nilianza. Kuna suala la mwezi, na kuna pweza...

— Nyamaza, Chumvi. Nimekaa pale juu tangu asubuhi nawatazama. Nina swali moja.

— Uliza, shemeji.

— Kwa nini kila mkiagiza kahawa, mashua inazama?

Baromita alimtazama Admirali. Admirali alinitazama mimi. Mimi nilikitazama kikombe changu, kilikuwa bado kina moto kidogo.

Mlango wa jiko ukafunguka. Vinka alitoka, taulo begani, ameshika plagi kwa vidole viwili.

— Samahanini, alisema. Huu waya ni wa taa za sikukuu, au wa nani? Nimeukuta asubuhi kwenye soketi ya kinu changu. Nikitaka kusaga nauchomoa, nikimaliza kuosha vikombe nauchomeka tena. Nisije nikawaharibia taa zenu.

Jerko alipokea plagi ile kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Dinka akaanza kucheka. Alianza puani, akajaribu kuzuia, akashindwa, akaketi kwenye benchi letu, sepetu mapajani, akacheka mpaka akashika ubavu. Tukacheka sote, na Vinka pia, ingawa alikuwa bado hajaelezwa. Kengele ya adhuhuri ililia katikati ya kicheko hicho.

Ilipomaliza, Dinka alijifuta macho.

— Unajua kwa nini nilisema maua? alimwuliza Jerko. Kila nikishuka stoo kuchukua mafuta ya zeituni, naikuta imefunikwa shuka kama maiti. Miaka yote hiyo namwamkia maiti. Nimechoka. Ielee au iote maua, mimi nataka kitu kilicho hai.

— Najua, alisema Jerko.

— Hukujua.

— Sikujua.

— Basi ina muda mpaka maandamano. Waya urudi ukutani. Na mtu yeyote wa benchi hili akitamka neno kahawa, namjaza udongo yeye.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Vinka akaibandika plagi ukutani kwa utepe wa gundi, akaenda kulala, na Dinka akahamishia kiti chake mlangoni mwa jiko. Sisi hatukujua mikono tuiweke wapi. Admirali alishika sukari muda mrefu bila sababu. Baromita alipiga miayo mpaka akatuambukiza sote. Nilijaribu kueleza kitu kuhusu Wareno, sikumbuki nini, na hakuna aliyenipinga, nikanyamaza mwenyewe. Bila kahawa hatuna hata maoni. Lakini maji yalishuka, sakafu ikakauka, na mbao zile, zilizopata hatimaye nafasi ya kuvimba kwa amani, zikabana.

Jua lilipoanza kulegea na kengele za maandamano kuita, Dinka alisema:

— Toeni pampu.

Jerko aliitoa, akaiweka gatini. Tukainama ukingoni sote, vichwa vinagusana, tukakodoa macho sakafuni. Hatukuona hata tone. Baromita alitaka kusema neno kuhusu goti, Admirali akamkanyaga mguu. Bado hakuna tone.

Jerko akaingia, akashika mpini wa injini, akazungusha. Ikakohoa. Akazungusha tena, ikatoa moshi mweusi uliomchafua Admirali kofia, halafu ikashika: duk, duk, duk, polepole, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Roko alipokuwa bado kijana wa kurukaruka gatini miguu mitupu. Dinka alisimama akisikiliza. Kisha akachukua chungu kimoja cha maua mekundu, akapanda mashuani, akakiweka kwenye omo.

— Nimeshayanunua, alisema. Siwezi kuyatupa.

Akaketi kwenye ubao wa kati, akamgeukia mumewe.

— Mpigie Roko simu ukiwa katikati ya bahari, aisikie.

Jerko aliitikia kwa kichwa, akashika usukani. Tukafungua kamba. Mashua ikatoka, ikajiunga nyuma ya nyingine, nyeupe na bluu, omo yake na maua, na pale pale Dinka akafungua kikapu, akatoa chupa ya chai, akamimina kahawa yake aliyopika nyumbani, akainua kikombe kuelekea benchi letu, akanywa polepole tukimwona.

— Mwanamke yule, alisema Admirali.

Tulirudi tukaketi. Harufu ilikuwa imetufikia, au labda ni mimi tu. Vinka alikuwa ameamka, akatoka mlangoni na trei tupu.

— Mnakunywa nini?

Tulitazamana. Waya ulikuwa umezungushwa gatini pamoja na pampu, haujachomekwa popote, na mashua ilikuwa mbali tayari, duk, duk, duk. Tulijua vizuri kabisa kwamba kahawa yetu haiwezi tena kuizamisha. Hata hivyo tulimwambia Vinka asubiri, na hakuna aliyethubutu kuagiza mpaka ilipopita mnara wa taa.