Neno Alilotumiwa Fundi Saa

Mimi ndiye ninayewauzia kahawa watu wa kijiwe hiki, na wana sheria moja ya ajabu: neno likishaletwa benchini, simu zote zinalazwa kifudifudi mpaka kila mtu atoe maoni yake. Alasiri hiyo neno lililetwa na Fundi Saa. Asubuhi bintiye alikuwa ameanza kazi katika kiwanda cha kuyeyusha alumini na kumimina masufuria. Mchana akamwandikia baba yake: nimeambiwa ni-fettle. Basi. Binti huyo alishaachishwa kazi mara mbili, na baba mtu hata kahawa haikumshuka.

— Kiingereza gani hiki? akauliza. Au wamemfukuza tena?

Mwalimu Mstaafu akakohoa. Akaeleza kwamba zamani sana neno hilo lilitokana na mkanda: mtu ajifunge kiunoni, awe tayari. Baadaye likawa kutengeneza kitu, kuweka mambo sawa.

— Mkanda? akadakia Kinyozi. Basi ndugu yangu, mtoto anachapwa.

Dereva wa Lori, ambaye hajawahi kukubali neno la mwenzake, akasema huo ni mkanda wa kufungia mizigo, na mizigo ni safari, kwa hiyo binti anapelekwa ng'ambo. Kinyozi hakukubali kushindwa: ng'ambo sawa, lakini anakwenda kuolewa na mwenye kiwanda. Wakaanza kugombania viti vya mbele harusini. Nilicheka mpaka birika likanitetemekea mkononi. Fundi Saa peke yake hakucheka.

Mkewe akapita na kapu lake kutoka sokoni. Akasikiliza kidogo, akalitua.

— Kwani mtoto mwenyewe mmemuuliza?

Mwalimu akaangalia viatu vyake. Fundi Saa akaigeuza simu, sheria ikafa palepale, akapiga na kuweka spika.

Tukasikia mashine ikikwaruza. Binti alilazimika kupaza sauti: sufuria likitoka kwenye kalibu lina kingo kali, yeye anazisaga ziwe laini, ndiyo fettle yenyewe. Msimamizi ameipenda kazi yake.

— Na nimepewa miwani ya kazi, baba. Wameiandika jina langu.

Fundi Saa machozi yakamtoka mbele yetu sote. Mkewe akamnyang'anya simu.

— Hebu sema tena, mwanangu. Wameandika nini?