Bi. Tulinagwe na Ufa wa Kinyala

Baada ya miaka thelathini na miwili ya kupiga picha za mawe, Bi. Tulinagwe Mwaikenda anastaafu tarehe 30 Juni. Ndiyo, mawe. Alianza hapa kituo cha vipimo vya miamba, Tukuyu, akisafisha picha kwenye chumba cha giza, na anaondoka akiwa fundi picha mkuu.

Wageni huchelewa kuielewa kazi yake. Kamera huwekwa shubiri moja tu kutoka kwenye mwamba, hupigwa picha nyingi zinazopandana, kisha kompyuta huziunga ziwe uso mmoja wenye kila kitundu na kila mkwaruzo, hata usioonekana kwa macho. Ndivyo tunavyojua jiwe linaparuza kiasi gani.

Kule Mpuguso, wanakijiji waliposikia jiwe lao litapigwa picha, walilisugua kwa brashi na mchanga mpaka likang'aa, wakavaa nguo za kanisani na kujipanga mbele yake. Vipimo, kwisha habari yake! Bi. Tulinagwe hakumgombeza mtu. Aliwapiga picha wote, akawapelekea nakala, akatafuta jiwe lingine.

Kilichomuumiza ni Kinyala. Mwamba ulikuwa umepasuka juu ya nyumba za watu, na tulitakiwa kujua kama pande mbili za ufa ule zinashikana au zitateleza mvua ikizidi. Picha zikaonyesha pande hizo ni laini mno, hazitashikana. Nyumba ya kwanza chini yake ilikuwa ya kaka yake, Anyosisye, kwenye migomba waliyoachiwa na baba yao. Tulimshauri amwachie mwenzake ripoti ile. Akakataa: "Nikimkwepa kaka, jirani yake nitamwambia nini?"

Familia zikahamishiwa Lufingo. Mwamba haukuanguka mwaka ule, wala uliofuata, na kaka akaacha kumsalimia, hata msibani. Kila mvua kubwa iliponyesha, dada wa watu aliomba usianguke, japokuwa ungeanguka ndipo angeonekana alisema kweli. Ilituuma sana kumtazama.

Haujaanguka hadi leo. Lakini mwezi uliopita Anyosisye, aliposikia dada yake anastaafu, alikuja kituoni akiwa amelowa mvua, akaomba aonyeshwe hizo picha. Alizitazama muda mrefu. Kisha akamuuliza dada yake atakwenda kuishi wapi. Akajibiwa kwamba bado hajui. Akamwambia kiwanja kilichopakana na chake Lufingo kiko wazi, na migomba ameshampandia.

Dada Tulinagwe, asante kwa kutufundisha kazi na kutuvumilia. Tunakutakia mapumziko mema na majirani wema, hasa huyo mmoja.