Jaji Kasema Falme

Aliyenipa habari hii kwanza ni Birika, muuza kahawa, na alinipa nusu. Nilikuwa nyuma ya mlango nikikamua vishati vya mwanangu, yeye akachungulia na kusema, "Shemeji, Jaji kasema!" Kabla sijamuuliza kasema nini, alikuwa ameshageuka mbio. Huko kijiweni walikuwa wameanza kubishana, na Birika hawezi kuuacha ubishi ukiwa bado wa moto.

Jaji ni mwanangu. Jina hilo walimpa wao, kwa sababu hukaa mwisho wa benchi kutwa, miguu haigusi chini, anasikiliza kesi zote na hatoi hukumu hata moja. Alikuwa amevuka miaka mitatu bila kutamka neno, hata "mama". Zahanati walimpima masikio wakasema yako sawa, nimsemeshe sana. Lakini baba yake ni mlinzi wa usiku, mchana analala, na chumba chetu ni hicho kimoja. Tangu mtoto azaliwe, neno alilolisikia zaidi kinywani mwangu ni "shii". Na mimi mwenyewe si msemaji. Tangu tuhamie mtaa ule nilikuwa napita mbele ya benchi lile nimeinamisha kichwa, wakinisalimu naitikia ndani kwa ndani.

Mama mkwe wangu hana ubaya. Aliona vile nilivyokuwa naona mimi, ila yeye akakata shauri: kesho yake mchana angekuja kumchukua mtoto akakae naye, kwenye wajukuu wengi wenye kelele. "Nyumba yako kimya mno, mwanangu," aliniambia. "Ataokota wapi maneno?" Vile vishati nilikuwa navifua ili nivifunge kwa safari yake.

Benchi lenyewe liko chini ya dirisha letu. Ni ubao mrefu juu ya matofali, na katikati wamechora drafti kwa rangi ya mlango. Kete zao ni vifuniko vya soda. Niliacha beseni, nikasogea mlangoni, nikasikiliza.

Anayeongea kwanza siku zote ni Funguo, dalali wa vyumba.

Funguo: Kasema "falme". Kwa masikio yangu haya mawili.

Kisigino: Mtoto gani anaanza na falme? Watoto wanaanza na maji.

Huyo ni fundi viatu. Huongea na misumari midomoni, na hajawahi kumeza hata mmoja.

Funguo: Maji kila mtu anasema. Jaji si kila mtu.

Kamusi: Tulieni. Tuanze na lugha.

Kamusi aliwahi kuuza magazeti, akasoma yote yaliyokosa wanunuzi. Sasa amestaafu, na kazi yake ni kutusahihisha.

Kamusi: Mfalme ni mtu. Ufalme ni cheo cha mtu huyo. Tena ufalme huohuo ni nchi anayoitawala. Zikiwa nchi nyingi, ni falme. Jaji kasema falme. Kwa hiyo kazungumzia nchi nyingi.

Kisigino: Nchi nyingi, na chooni anasindikizwa?

Kamusi: Mdharau mwiba mguu huota tende.

Kisigino: Miguu niachie mimi, ndiyo inanilisha.

Birika: Jamani, mtoto huangusha herufi ya mbele. Kasema "mfalme", ile m imebaki mdomoni.

Kamusi: Au imebaki u. Mfalme, ufalme, tofauti ni herufi moja, na hiyohiyo ndiyo aliyoimeza!

Mimi huku nilikuwa nimeshaliona hilo. Nilikuwa nimeandika kwa kidole kwenye povu la beseni: mfalme, ufalme, falme. Povu likapasuka, nikabaki na "fa".

Akapita mtu wa kununua kahawa. Nikasikia kikombe, nikasikia Birika akisema, "Karibu, mfalme, kaa," na mtu akajibu ana haraka, akanywa wima na kuondoka. Ubishi haukusimama hata kidogo.

Funguo: Hili neno katoa kwangu. Kila mteja namwambia, mtu kwake ni mfalme. Chumba kimoja, ufunguo mmoja, huo ndio ufalme, hauhitaji jeshi.

Kisigino: Kile chumba ulichompa fundi cherehani, mlango haufungi.

Funguo: Kila ufalme una tatizo mpakani.

Birika: Na paa linavuja.

Funguo: Hiyo ni mvua. Mvua haitawaliwi na mtu. Ndugu zangu, haraka haraka haina baraka, ndiyo maana fundi wa paa bado sijamwita.

Walicheka, na mume wangu akajigeuza kitandani. Kwa mazoea nikaweka kidole mdomoni, ingawa hapakuwa na mtu wa kukiona.

Kisigino: Basi nisikilizeni mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa nacheza. Neno limetoka hapa, kwenye drafti. Kote duniani kete ikifika mwisho inaitwa kingi. Hapa Kamusi katukataza.

Kamusi: Hapa tunasema mfalme.

Kisigino: Haya. Mtoto anakaa hapo, anaona kifuniko cha soda kinatembea hatua mojamoja, hakirudi nyuma, kila mtu anataka kukila. Kikifika mwisho kinapinduliwa, basi! Kinaitwa mfalme, kinakwenda mbele, kinarudi nyuma. Jaji kajifunza kwamba kupata ufalme ni kupinduliwa.

Kamusi: Wee! Mfalme akipinduliwa ndiyo ufalme wake umekwisha!

Kisigino: Huko kwenye magazeti yako. Hapa benchini ndiyo unaanza.

Nilimwona Kamusi kupitia upenyo wa mlango, anakigeuzageuza kifuniko kimoja kiganjani. Naamini neno hilo lilimuuma, kwa kuwa lilikuwa kweli na hakulisema yeye.

Funguo: Mimi nadhani hata hamjafika. Jiulizeni, kwa nini alikuwa kimya miaka yote? Debe tupu haliachi kuvuma. Jaji alinyamaza kwa kuwa amejaa!

Birika: Na wewe unayevuma kutwa?

Funguo: Mimi si debe, mimi ni pipa. Sikieni. Iko nchi mahali, ina kiti hakina mtu. Wamemtafuta mrithi, wamepiga hesabu za nyota, imewatokea mtaa huu, benchi hili. Mtoto anajua. Leo kataja. Na huyo bibi anayekuja kesho kumchukua, mnadhani ni bibi? Ni mjumbe wa ikulu, kajifunga kanga tu!

Hakuna aliyecheka. Nikasikia nyundo ya Kisigino ikiwekwa chini.

Kisigino: Wewe nawe. Shemeji anasikia.

Funguo: Nimeteleza. Ulimi hauna mfupa.

Birika: Kumbe ni kesho?

Kisigino: Kesho mchana. Bibi mwenyewe alisema hapa juzi, kwa sauti, mimi nikimshonea kandambili.

Birika: Na benchi bila Jaji litakuwaje? Nani atatusikiliza mpaka mwisho?

Kamusi: Ndiyo maana tunabishana. Mtoto akiwa kasema kweli, bibi hana sababu ya kumchukua. Lakini tukimwambia kasema, atauliza kasema nini. Tujibu nini, "falme"? Au mlidhani nabishana kwa raha zangu?

Funguo: Ndiyo, tulidhani.

Nilikaa kwenye kizingiti. Sikujua kama wanajua habari za kesho. Siku zote nilifikiri mimi ndiye ninayewasikia wao, ukuta mmoja, sikio moja. Niliwahi hata kutamani wahame na kelele zao, mume wangu alale, ila sikuwa na ujasiri wa kuwaambia. Nikashukuru sikuwa nao.

Birika: Tumuulize mwenyewe. Jaji, baba, sema tena.

Kamusi: Sema "m". Funga midomo. Mmm.

Funguo: Usimfunze jibu! Jaji, sema ulivyosema, na mimi nitakupa chumba.

Kisigino: Hicho cha mlango usiofunga?

Wazee watatu na dalali waliinama mbele ya mwanangu, vichwa vimegusana. Jaji aliwatazama mmoja mmoja. Kisha akachukua kifuniko cha soda akakitia mdomoni.

Birika: Toa! Toa hicho!

Kisigino akakitoa kwa kidole chake cheusi cha gundi, taratibu, kama anavyotoa msumari kwenye kiatu cha mtoto. Jaji akakasirika. Akateremka benchini, akaja ndani mbio, akaukumbatia mguu wangu na kuuficha uso wake kwenye kanga. "Nini, baba?" nilimnong'oneza. "Ulisema nini?" Akanitazama tu.

Wakati huo akafika muuza maji, mpya, sikuwahi kumwona. Aliegemeza baiskeli ya madumu ukutani na kuuliza kama hapa ndipo kuna kahawa.

Birika: Karibu, mfalme. Kaa.

Akakaa pale palipokuwa pa Jaji. Wakamweleza kesi yote kwa pamoja, kila mmoja akisahihisha wa pembeni: herufi iliyomezwa, nchi nyingi, chumba, kete, kiti kisicho na mtu. Mgeni alipuliza kahawa yake, akasikiliza mpaka wakaishiwa pumzi.

Muuza maji: Sasa alipolisema hilo neno, alikuwa anamtazama nani?

Nilisogeza sikio mpaka likagusa ubao wa mlango.

Kisigino: Mimi nilikuwa natazama kete zangu.

Kamusi: Na mimi nilikuwa namtazama yeye, ni mwizi wa kete.

Funguo: Nilikuwa kwenye simu na mteja.

Birika: Mimi palikuwa na mtu kaja, namimina.

Kamusi: Penye wazee hapaharibiki neno.

Muuza maji: Naona hapa liliharibika.

Birika alimwongezea mgeni, likatoka tone moja na masimbi ya chini. Kahawa ilikuwa imekwisha. Wakakunja drafti isiyokunjika, yaani wakakusanya vifuniko kwenye kopo, wakaondoka bila kelele, jambo ambalo sijawahi kuliona. Kamusi alibaki nyuma. Alisimama chini ya dirisha langu akasema, polepole asimwamshe aliyelala, "Shemeji, kasema. Lipi hatujui, lakini kasema. Mwambie bibi mimi ni shahidi." Nilitaka kumshukuru. Neno likanikwama hapo hapo ambapo huwa yananikwama yote, na nilipolipata yeye alikuwa ameshakata kona.

Asubuhi yake mume wangu alirudi kutoka kazini, akala, akalala. Vishati vilikuwa vimekauka kwenye kamba. Sikuvianua. Jaji alikuwa ameshatoka kwenda kukaa mwisho wa benchi, nami nikajua kitu kimoja tu cha kufanya: lile swali la muuza maji. Kama mwanangu angesema tena, lazima awepo mtu anayeyatazama macho yake. Nikachukua kigoda changu cha kufulia, nikafungua mlango, nikatoka nacho.

Sikuwa nimewahi kutoka na kigoda. Kisigino aliniona akatema misumari yote kiganjani. Funguo alikata simu. Kamusi alivua miwani. Birika alikuwa anammiminia Kamusi kikombe cha kwanza, akageuka kunikaribisha kama anavyomkaribisha kila anayekuja, mwenye pesa na asiye nayo. Alifungua mdomo.

Jaji akamtangulia.

Hakutazama kete, wala kopo, wala mbinguni. Alikuwa ananitazama mimi. Alisukuma vifuniko pembeni kwa mkono, akafuta ubao palipokuwa wazi, akapiga kofi dogo hapo.

"Falme," akasema. "Kaa."

Kahawa ilijaa kikombe, ikafurika, ikamwagika kwenye kiatu alichokuwa ameshika Kisigino, na Birika akaendelea kumimina, macho kwa mtoto, machozi yanamtoka. "Maneno yangu," alisema. "Jamani, hayo ni maneno yangu." Kamusi alianza, "Ila kwa mwanamke ni malki—" Kisigino akampiga begani kwa kiatu kilekile kilicholowa.

Nilikiacha kigoda kilipo. Nikaenda kwenye ile nafasi niliyofutiwa, nikakaa benchini, kati ya mwanangu na wanaume wale, nikawasalimu wote mmoja mmoja. Kisha nikamgeukia yeye.

"Asante, mfalme," nilisema, "nimekaa." Nililisema kwa sauti, na sikujali ingemwamsha nani.