Marehemu Ansel Rucker, Aliyechora Ngazi ya Wodi ya Chini

Ndugu, jamaa, majirani na waumini wa Kanisa la Baptisti la Bethsaida: huyu tuliyemzunguka ni Ansel Tobias Rucker, msanifu majengo wa kwanza mweusi katika mji huu wa Marlow Bend, Kentucky. Kuhusu maneno ya leo alituachia agizo moja tu. Alimwambia binti yake, Vashti, "Usiwaache wanipake sukari. Nimekaa kwenye mazishi ya watu wabaya nikasikia wakigeuzwa malaika, nikaona aibu kwa niaba ya maiti." Wasifu huu umeandikwa na Vashti, na anayeusoma ni shemeji wa marehemu, Shemasi Hosea Gaines. Sukari mtaipata kwenye chakula.

Ansel alizaliwa tarehe 9 Machi 1899 katika kijiji cha Pruitt's Crossing, Alabama, mtoto wa tano wa mzee Tobias Rucker, mwashi wa matofali, na Mama Keziah, aliyefua nguo za Wazungu. Akiwa na miaka sita aliokota kipande cha mkaa akachora nyumba nzima, pamoja na veranda na bomba la moshi, juu ya shuka la mke wa jaji lililokuwa limeanikwa uani. Mama Keziah alimchapa mpaka mkono ukamchoka. Kisha akawaita majirani wote waje waone mchoro kabla hajalirudisha shuka kwenye sabuni. "Tazameni dirisha lile," aliwaambia. "Mtoto ameweka na pazia." Ansel alipenda kusimulia kisa hiki, na kila mara alianza na viboko.

Alisoma shule ya ufundi ya watoto weusi hadi mwaka 1918, na Septemba 1920 akaingia chuo kikuu kimoja cha Kaskazini, yeye peke yake mweusi katika darasa la usanifu. Bweni walimnyima, kwa hiyo alilala kwenye chumba cha boila cha nyumba ya wanafunzi na kulipia malazi kwa kuchochea moto. Katika mwaka wa tatu profesa wake aliinua ramani yake mbele ya darasa zima akasema, "Rucker, una mkono mzuri sana. Bahati mbaya umeunganishwa na mwili usiofaa." Darasa likacheka. Ansel naye akacheka, kwa sababu alitaka kumaliza. Alihitimu Juni 1924. Maneno yale hakuyasahau, na ilikuja siku naye akayatumia.

Alikuja Marlow Bend mwaka 1925 kulitengeneza paa la kanisa hili. Wiki nzima alitembea juu ya vichwa vya watoto wa shule iliyokuwa ndani ya kanisa, na mwalimu wao, Bi Orpha Gaines, akatoka nje kumsuta.

"Wewe wa huko juu! Unapigilia misumari au unacheza densi?"

"Vyote viwili, bibie."

"Basi paa hilo likivuja tena, nitakujua wewe."

Halikuvuja. Walifunga ndoa hapa hapa Jumamosi ya tarehe 12 Juni 1926. Mungu akawajalia Vashti mwaka 1927 na Ellis mwaka 1930. Wanaomkumbuka Orpha wanajua kwamba ndiye pekee aliyeweza kumkatiza Ansel maneno bila kuogopa. Akianza kuwagombeza watoto mezani, Orpha alimsogezea bakuli la sukuma wiki akasema, "Tia hiki mdomoni, Bwana Rucker, kina faida zaidi."

Ofisi yake ilikuwa juu ya kinyozi, Mtaa wa Tanner. Alichora shule mbili, ukumbi wa chama cha wazee, nyumba za watu wengi mlio hapa, na mnara wa zamani wa kanisa hili. Wazungu nao walimpa kazi, ila kwa mlango wa nyuma: yeye alichora, kampuni yao ikaweka sahihi. Ili aweze kuingia kukagua majengo yake mwenyewe, alibeba ndoo ya lipu. Mlinzi akimwona mtu mweusi mwenye ndoo alimfungulia, lakini akimwona mwenye rula alimfukuza. Ansel alitembea na ndoo ile miaka tisa, na suti chini ya ovaroli.

Mwaka 1935 ilikuja kazi kubwa kuliko zote, hospitali mpya ya mji. Kampuni moja ya Wazungu ilipewa jina, Ansel akapewa penseli. Wodi ya watu weusi, bodi iliamua, ingekuwa chini ya ardhi, ukuta mmoja na chumba cha boila, na chumba cha upasuaji kingekuwa ghorofa ya pili kwa watu wote. Ansel alichora. Shemeji yake Hosea alimuuliza, kwenye veranda, mbele ya Orpha, "Ndugu yangu, mkono wako haukuuma?" Ansel akajibu, "Nisipochora mimi atachora mwingine, na yeye hatatuwekea hata dirisha." Na kweli aliweka madirisha manne, juu kabisa ukutani, ambayo mgonjwa akilala aliona viatu vya wapita njia.

Hospitali ilifunguliwa mwaka 1937 kwa bendi na hotuba. Ansel hakualikwa.

Tarehe 23 Januari 1941, Orpha alishikwa na tumbo akiwa darasani. Kufika saa nane mchana alikuwa hawezi kusimama. Ansel na Hosea walimpeleka hospitalini, na Vashti, mwenye miaka kumi na tatu, akawafuata mbio bila koti. Daktari wa wodi ya chini alisema ni kidole tumbo na kwamba apasuliwe mara moja. Ila orodha ya wagonjwa weupe ya siku ile ilikuwa haijaisha. Wakasubiri mpaka taa za mtaani zikawaka. Ruhusa ilipotoka, Ansel akashika machela mbele, Hosea akashika nyuma, wakaanza kupanda.

Ngazi ya wodi ya chini ilikuwa na kona. Machela ilifika kwenye kona ile ikagoma. Wakaiinamisha, wakaiinua, wakairudisha chini na kuijaribu upya. Orpha, ambaye mpaka hapo alikuwa anauma shuka, alipiga ukelele ambao Vashti anausikia hadi leo. Muuguzi aliyekuwa juu aliita, "Mbebeni mikononi basi! Nani mjinga aliyejenga kitu hiki?"

Ansel alisema, "Mimi."

Walimbeba mikononi. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka, na Orpha Gaines Rucker alifariki kabla ya saa nne usiku, akiwa na miaka thelathini na minane. Siku ya maziko yake, watu wakiwa bado na sahani za kuku mikononi, Ansel alivua koti la msiba akaenda ofisini. Vashti alimfuata mpaka mlangoni akitarajia kumkuta analia. Alimkuta anachonga penseli.

"Unataka nini?" alimuuliza.

"Nataka kukaa na wewe."

"Basi kaa. Usiguse kitu."

Vashti hakukaa muda mrefu bila kugusa. Alianza kwa kuchora milango, kisha madirisha, na alipomaliza sekondari mwaka 1944 alikuwa anachora majengo kamili. Ellis alipelekwa chuo kusomea usanifu asioutaka. Akakimbia baada ya mwaka mmoja kwenda Detroit kuunda magari, na kwa miaka kumi na moja baba yake hakulitaja jina lake nyumbani. Vashti, aliyeutaka, alikataliwa ada. Tena alikataliwa mbele ya wageni, Jumapili, wakati wa pai ya pichi. Ansel alipangusa mdomo akasema, "Una mkono mzuri, Vashti. Bahati mbaya umeunganishwa na mwili usiofaa. Mwanamke, tena mweusi! Mimi mlango mmoja tu umenivunja bega, wewe utavunja miwili kwa nini?"

Shangazi mmoja alicheka akidhani ni mzaha. Vashti alimaliza pai yake, akakusanya sahani za wageni.

Sheria ya jimbo ilimruhusu mtu asiye na digrii kufanya mtihani wa leseni, mradi msanifu aliyemfundisha athibitishe kazi yake kwa sahihi. Vashti aliiomba sahihi hiyo kila mwaka mpya. Kila mwaka Ansel alisema, "Bado." Mwaka 1949 maktaba ya chuo cha ualimu, ambayo Vashti aliichora kuanzia msingi hadi paa, ilipata tuzo kwa jina la Ansel. Kwenye chakula cha jioni cha kukabidhiwa tuzo, mwenyekiti wa sherehe aliuliza ni nani binti huyu mrembo aliyeketi naye. Ansel akasema, "Huyu ni binti yangu. Ananipigia taipu."

Kesho yake asubuhi Vashti alifungasha sanduku.

"Unakwenda wapi?"

"Chicago."

"Nani anakujua Chicago?"

"Na hapa nani ananijua?"

Chicago alipata kazi kwa msanifu mwingine mweusi, mtu mpole aliyetia sahihi baada ya miaka mitatu bila kuombwa mara mbili. Vashti alipata leseni mwaka 1956. Alimpigia simu baba yake. Ansel akasema, "Basi usije ukaniaibisha," akakata.

Mji ukaendelea kumla. Mwaka 1959 walimteua kwenye kamati ya mipango, mweusi wa kwanza, wakampiga picha. Mwaka 1961 kamati hiyo hiyo ilipiga kura kupitisha barabara kuu katikati ya mitaa yetu. Ansel peke yake alipinga. Ukumbi wa chama cha wazee ulianguka, shule zote mbili zikaanguka, na mnara wa kanisa letu ukaanguka siku ya Alhamisi, watu wakiwa wamesimama kando ya njia wakiimba. Alileta kiti chake cha kukunja akakaa kutazama tufe la chuma la mashine ya kubomolea likigonga. Bi Lavinia Stokes, ambaye nyumba yake nayo ilikuwa imewekewa alama ya kubomolewa, alimpitia karibu akamtemea maneno: "Hongera, Bwana Rucker. Ulikaa meza moja na Wazungu, umetuletea makombo yao." Bi Lavinia alikufa akiamini kwamba Ansel alipiga kura pamoja nao, na Ansel alimwacha aamini hivyo.

Kiharusi kilimpata tarehe 2 Oktoba 1966, kikachukua upande wa kulia wote, na mkono ule uliosifiwa. Vashti alirudi kumuuguza pamoja na mumewe Linwood Pettiford na mabinti zao wawili. Tungependa kusema kwamba ugonjwa ulimlainisha, lakini haikuwa hivyo. Aliurushia supu ukuta. Alimwita Linwood "dereva" ingawa Linwood ni mwalimu wa hesabu. Vashti alikuwa akichora nyumba ya wazee iliyoombwa na makanisa yetu, na alichorea kwenye meza ya jikoni ili awe karibu naye. Asubuhi moja ya Aprili 1967, Ansel alijivuta na mkongojo wake mpaka mezani, akainama juu ya karatasi.

"Ngazi yako nyembamba," alisema.

Vashti hakuinua kichwa. "Ya kwako ilimuua mama."

Hapo jikoni palikuwa na Hosea, amekuja kuleta mayai. Anasema alitamani sakafu ifunguke. Miaka ishirini na sita hakuna aliyewahi kulitamka jambo lile. Ansel alishika kiti, akakaa taratibu, mdomo umempinda, mate yakimtoka upande mmoja, na Vashti hakumpangusa.

"Niliichora pana," alisema mwishowe. "Wakaniambia niikate, wapate nafasi ya ghala la makaa. Niliwaomba. Nikasema mgonjwa hatapita. Wakasema wagonjwa hao watapita tu."

"Ukawaomba mara ngapi?"

"Mara moja."

"Mara moja, baba?"

"Ningeomba ya pili wangenitoa. Nilitaka kujenga hospitali, Vashti. Mtu mweusi, hospitali! Niliitaka kuliko..." Hakumaliza. Hakuomba radhi pia. Alisogeza kidole cha mkono wa kushoto juu ya karatasi mpaka kwenye kona ya ngazi. "Ongeza futi mbili hapa. Wakikataa, ondoka na ramani yako."

Vashti akafuta, akaongeza futi mbili. Bodi ya makanisa ililalamikia gharama, naye akakunja ramani na kuelekea mlangoni. Walimwita arudi kabla hajafika kwenye gari. Alipomsimulia baba yake, Ansel alisema, "Hm," akaomba kahawa. Kwa watu waliomjua, hiyo ilikuwa sherehe. Nyumba ya wazee ilifunguliwa Mei mwaka jana, na kwenye jiwe la msingi pameandikwa jina moja tu la msanifu: Vashti R. Pettiford. Ansel alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu akalisoma kwa sauti, herufi moja moja, akasema chokaa ya maungio ilitiwa maji mengi.

Kiharusi cha pili kilimjia Jumanne, tarehe 4 Novemba 1969. Alifariki nyumbani, alfajiri ya Alhamisi tarehe 6, akiwa na miaka sabini. Hospitali aliikataa. Ellis aliendesha gari usiku kucha kutoka Detroit, akamkuta bado ana fahamu, na Ansel alimtazama kitambo, akasema, "Umenenepa." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao baada ya miaka mingi, na Ellis ametuomba tuyasome hapa, kwa sababu alifurahi kutambuliwa.

Ameacha binti yake Vashti na mkwewe Linwood Pettiford; mwanawe Ellis; wajukuu wawili, Orpha na Keziah; shemeji yake Hosea; na majengo matano yaliyo wima, kati ya mengi aliyoyachora. Mkewe alimtangulia. Kesho Vashti atafungua ofisi ya Mtaa wa Tanner saa mbili kamili, maana kuna kazi ya watu inayosubiri.

Bwana ampe pumziko, kitu ambacho Ansel hakujua kujipa, wala hakutupa sisi.